Kutoka B8 hadi A7: Historia Fupi ya Barabara ya Mombasa na Malindi

Mtu anayetoka Kisumu ya ziwani kwenda Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi wenye nyumba zilizobanana na watu wa makabila mengi, hukata takriban kilomita 950. Katika madaftari ya zamani ya serikali safari hiyo ilipita barabara nne: B1 kutoka Kisumu kupitia Kericho hadi Mau Summit, A104 kutoka hapo hadi Nairobi, A109 kuteremka hadi Mombasa, kisha B8 kuufuata ufuo hadi Malindi. Tangu Januari 2016 njia ni ile ile, lakini namba zimebaki tatu: A12, A8 na A7.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayokumbukwa hapa. Mwaka 2026 A7 inatimiza miaka kumi tangu ipewe jina hilo, na daraja la Kilifi, kiungo kilichoifanya njia ya Mombasa hadi Malindi iwe barabara moja badala ya vipande vilivyotenganishwa na maji, linatimiza miaka 35. Kumbukumbu hizo mbili zinafaa kusomwa pamoja, kwa sababu namba ya barabara hii imekwenda ikifuata madaraja yake.

Hakuna abiria anayesema amepanda gari la A7. Kwenye steji ya Malindi makanga huita Mombasa, Kilifi, Mtwapa. Wa upande wa pili huita Gongoni, Garsen, Lamu. Wenyeji husema barabara ya Mombasa au barabara ya Lamu kutegemea wanaelekea wapi, na aliye nje ya mji husema tu kwamba anakwenda kusubiri gari kwenye lami. Hata hivyo herufi ile iliyo mbele ya namba ina nguvu. Ndiyo inayoamua ni serikali gani itaitunza barabara, lami itakuwa na upana gani, na kama benki ya maendeleo iliyo mbali itakubali kuitolea mkopo. Kwa miaka mingi pwani ya kaskazini iliishi chini ya herufi B, na jambo hilo lilikuwa na sababu zake na gharama zake.

Kabla ya herufi yoyote, barabara kuu ya pwani ilikuwa bahari. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498 aliukuta mji uliozoea wageni wa majini, na kutoka huko akapata nahodha wa kumvusha hadi Bara Hindi. Baadaye mji ulififia, ukafufuliwa mwaka 1861 pale Sultani Majid wa Zanzibar alipopeleka watu na askari ili ugeuzwe kuwa nchi ya mashamba. Mtama na ufuta uliolimwa kwa jasho la watumwa ulipakiwa kwenye majahazi na kusafirishwa kwa upepo. Kwenda Mombasa kwa nchi kavu kulikuwa kwa wenye shida au wenye subira, maana mikono ya bahari inaingia ndani kabisa ya nchi: Kilifi, kisha Takaungu, kisha Mtwapa, na mwisho maji yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa chenyewe. Anayekataa kuvuka hulazimika kuzunguka mbali, huko juu kwa Wagiriama, Wachonyi na Warabai.

Ukoloni wa Waingereza ulipotaka kuipenya nchi hiyo ya ndani, ulitaka pia mikono ya watu wake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alisimama mbele ya Wagiriama akawataka wasipeleke vijana wao kufanya kazi za wakoloni wala wasilipe kodi. Mwaka uliofuata serikali iliilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, ikawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000 pamoja na vibarua 1,000, na kuwaamuru waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wahame. Historia ya ujenzi wa njia katika Kilifi haiwezi kuandikwa bila kutaja jambo hilo. Kabla ya lami kulikuwa na majembe, na majembe hayo hayakushikwa kwa hiari.

Nyali ndiko maji yalikoanza kushindwa. Mwaka 1931 kampuni binafsi iliyoitwa Nyali Limited ilifungua daraja la kuelea kati ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini, na kila aliyepita alilipa ushuru. Ng'ambo ya daraja msafiri alipita Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ingali pale, na ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Baada ya hapo kilomita zote 120 za kwenda Malindi zilikuwa mbele yake.

Ushuru huo wa Nyali ulizaa kesi ambayo hadi leo husomwa na wanafunzi wa sheria kote katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kampuni ilishtakiana na serikali kuhusu magari ya kijeshi, kama yalipaswa kulipa au kupita bure. Mwaka 1955 shauri hilo lilifika Mahakama ya Rufani jijini London, mbele ya jaji Denning. Ilibidi kwanza ajibu swali zito zaidi ya magari. Ukanda wa pwani ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar uliowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, haukuwa sehemu ya koloni. Je, sheria za kimila za Kiingereza zilikuwa na nguvu juu ya daraja la Mombasa? Denning alijibu kwa mfano wa mti wa mwaloni: ukiuhamishia Afrika usitarajie utakua kama unavyokua Uingereza, utahitaji matunzo na kupogolewa ili uifae ardhi mpya. Majaji wa Afrika, Asia na visiwa vya Karibi wameurudia mfano huo mara nyingi. Wachache kati ya wanaousikia wanajua kwamba mzizi wake uko kwenye njia ya kwenda Malindi.

Mtwapa na Kilifi hazikuwa na kampuni ya kujenga daraja la kuelea. Kulikuwa na vivuko vya mnyororo: jukwaa la kubeba magari machache, na kundi la wanaume waliolivuta kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huku wakiimba. Wazungu waliokwenda Malindi kupumzika, na katika miaka ya 1930 walikuwa wengi wa kutosha kuujaza mji hoteli mpya, walipenda sana kusimulia nyimbo hizo. Picha zao zinaonyesha tabasamu. Hazionyeshi kwamba kuvuta magari kwa mikono tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mtwapa ilipata baadaye daraja jembamba la kuning'inia, na vivuko vya Kilifi vikawekewa mashine, lakini foleni ya Kilifi haikwisha. Ilikuwa soko linalojitandaza kando ya magari: korosho, maembe, madafu, samaki wa kukaanga. Lori lililobeba mboga au samaki lilisubiri zamu yake kama mengine, na jua la Kilifi haliwaonei huruma samaki.

Hiyo ndiyo barabara iliyokutwa na wachora namba.

Nchi za Afrika Mashariki ziliwahi kugawana namba za barabara kuu kama ndugu wanaogawana jina la babu. A104 iliingia Kenya kutoka Uganda pale Malaba, ikapita Nairobi, ikatoka Namanga na kuendelea kwa namba ile ile hadi Arusha, Iringa na Tunduma. A23 ilivuka mpaka pale Taveta. Kusini mwa Mombasa, A14 ilitoka Likoni, ikapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, na upande wa Tanzania ikaendelea kuwa A14 hadi Tanga. Dereva aliyevuka mpaka na kuingia Horohoro, upande wa Tanzania, alibadilisha nchi, bendera na fedha, lakini namba ya barabara haikubadilika.

Kaskazini mwa Mombasa mambo yalikuwa tofauti. Huko namba ilikuwa B8: Mombasa, Kilifi, Malindi, Garsen, Hola, na mwisho Garissa, ilikokutana na A3 inayotoka Thika kwenda Liboi kwenye mpaka wa Somalia. Kigezo kilikuwa wazi. Herufi A ilikuwa ya barabara zinazovuka mpaka wa nchi au kuishia kwenye bandari ya kimataifa. B ilikuwa ya zile zinazounganisha miji mikubwa ya ndani ya taifa. C ziliunganisha miji ya ngazi ya mkoa, kisha zikafuata D na E. B8 haikuvuka mpaka wowote, iliishia Garissa. Kwa hiyo ufuo mmoja, wenye watu wenye lugha moja na undugu wa tangu enzi za majahazi, ulikatwa vipande viwili pale Mombasa: upande wa kusini ukawa A na wa kaskazini ukawa B.

Namba huwa na macho, na macho ya namba hizi yalikaa Nairobi. Kutoka Nairobi pwani inaonekana kama mwisho wa safari, mahali A109 inapoteremkia baharini. Ni nadra mtu wa Nairobi kuiona kwa urefu wake, kutoka Vanga hadi Kiunga. Matawi ya B8 nayo yalipewa herufi za chini zaidi: C103 kutoka Malindi kwenda Voi kupitia lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, C107 kutoka Mavueni kupitia Kaloleni hadi Mariakani, C112 kutoka Garsen kupitia Witu kuelekea Lamu. Lamu, mji uliokuwa na misikiti na mashairi karne nyingi kabla ya Nairobi kuwepo, ulifikiwa kwa barabara ya daraja la tatu, na kwa muda mrefu ilikuwa ya vumbi wakati wa jua na matope wakati wa masika.

Maji yalishindwa moja baada ya jingine, kwa msaada mkubwa wa Wajapani. Mwaka 1980 Daraja Jipya la Nyali lilifunguliwa, nalo daraja la kuelea likapumzika. Katika miaka ya 1980 Mtwapa ilipata daraja la saruji lililochukua nafasi ya lile la kuning'inia. Mwaka 1991 ikafika zamu ya Kilifi. Daraja lake lina urefu wa mita 420 na limepita juu sana ya maji, kati ya Mnarani, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, na mji wa Kilifi wa leo. Kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kukaa katika pwani hii, mtu aliweza kuufuata ufuo kutoka kisiwani Mombasa hadi Malindi bila kumsubiri mwenye chombo.

Si rahisi kwa aliyezaliwa baada ya 1991 kuelewa ukubwa wa badiliko hilo. Safari ya Mombasa iliyokula siku nzima ikawa ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mgonjwa aliyeandikiwa hospitali kuu ya mkoa, Mombasa, hakusimamishwa tena na maji ya Kilifi usiku. Wavuvi wa Malindi na Watamu wakapata wanunuzi waliofika na barafu na kuondoka kabla ya jua kali. Hoteli za Malindi, ambazo tangu miaka ya 1970 zilikuwa zimezoea wageni wa Kiitaliano, zilihitaji wapishi, wafuaji, walinzi na mafundi, na basi la kuwaleta lilikuwa lile lile la B8. Mitaa ya wapangaji ikatanuka, Kisumu Ndogo ikiwa mmojawapo. Unga, mabati, saruji na marobota ya mitumba yanayouzwa katika maduka yake yametoka Mombasa kwa barabara hii. Waliopoteza ni wachuuzi wa foleni, ambao soko lao liliondoka siku magari yalipoacha kusimama. Baadhi ya biashara hiyo ilihamia mjini Kilifi, ambako basi likipunguza mwendo madirishani hujaa mikono yenye mifuko ya korosho.

Kaskazini ya Malindi barabara ilibaki ngumu kwa muda mrefu zaidi. Huko inauvuka Sabaki, mto mwekundu unaotokea nyanda za Nairobi kwa jina la Athi, ukaitwa Galana ndani ya Tsavo, na kumwaga udongo wa bara kwenye bahari ya Malindi. Inapita Mamburui na Gongoni, kisha Marereni, nchi ya mashamba ya chumvi ambako maji ya bahari hukaushwa kwenye madimbwi na malori huondoka yameelemewa. Njia ya kando inakwenda Ngomeni, na kutoka majukwaa yaliyo baharini huko, katika mradi wa San Marco wa Waitaliano, Marekani ilirusha setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei angani tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, na setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Wakati wataalamu wakisoma nyota kutoka Ngomeni, abiria wa Garsen walikuwa wakisukuma basi lililokwama kwenye tope.

Mto Tana ndio ulioikomesha kabisa barabara. Bonde lake la Garsen ni tambarare kiasi kwamba mafuriko hayana pa kwenda, hutandaa tu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata njia na kuiacha Lamu ikitegemea bahari na ndege, kama zamani. Zaidi ya maji kulikuwa na bunduki. Katika miaka ya 1990 majambazi waliyavamia mabasi mara nyingi, hata ikawa kawaida magari ya Lamu kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Hofu hiyo ilirudi mwaka 2014 baada ya shambulio la mji wa Mpeketoni, Lamu, mwezi Juni, lililoua watu zaidi ya 60. Novemba 2023 mafuriko yalivunja tena njia pale Lango la Simba karibu na Gamba, na abiria wakavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki chache kabla walipita kwa basi. Wakati huo C112 ya zamani ilikuwa imeshapata lami. Lami peke yake haitoshi katika bonde la Tana. Panahitaji makalvati mengi na tuta lililoinuliwa, na kila anayeiwekea njia hiyo bajeti anapaswa kuanza na hilo.

Sasa turudi kwenye herufi, maana badiliko lake lilitoka mbali na pwani. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya tozo ya mafuta ya kutunza barabara, ambayo kufikia 2024 ilikuwa shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Fedha zilizokusanywa zilitaka mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaunda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini. Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 na kutenganisha barabara za taifa na za kaunti. Hapo madaftari ya zamani, yaliyopimwa kwa mikoa ambayo haikuwepo tena, yalishindwa kujibu swali rahisi: barabara hii ni ya nani?

Jibu lilitolewa Januari 2016 katika gazeti rasmi la serikali. Daftari jipya lilihesabu takriban kilomita 161,000 za barabara nchini. Kama kilomita 40,000 zilibaki kwa serikali ya taifa na nyingine zote zikapewa kaunti. Magavana hawakuridhika, na ugomvi juu ya nani atunze nini na apewe kiasi gani cha tozo ya mafuta umeendelea hadi mahakamani. Katika mgawanyo huo A109 ilitoweka. Kutoka Mombasa hadi Malaba ikawa A8. Na A14 ya kusini ikaunganishwa na B8 ya kaskazini kuwa A7 moja, inayoanzia Lunga Lunga, kupita Mombasa, Kilifi na Malindi, na kuelekea Garsen.

Hili ndilo jambo kubwa katika historia ya namba hizi, na lilipita bila sherehe. Serikali iliusoma ufuo kwa urefu wake. Kisiwa cha Mombasa, kilichokuwa mpaka wa namba mbili, kikawa katikati ya namba moja. Ni kweli kwamba upande wa Tanzania udugu wa zamani umekatika, maana barabara ya Segera, Tanga na Horohoro sasa inaitwa T13, na dereva anayevuka mpaka hukuta kibao kigeni. Ni kweli pia kwamba pale Likoni A7 bado inapita majini: gari linaloifuata namba hiyo moja hupanda feri, au huzunguka kwa njia mpya ya Dongo Kundu. Wakati wa korona serikali iliweka hata daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni, miaka tisini baada ya lile la Nyali. Lakini herufi ya barabara ilikuwa imepanda kutoka B hadi A, na fedha ziliifuata.

Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa takriban euro milioni 345 kwa Kenya na Tanzania kwa ajili ya barabara ya pwani kutoka Malindi hadi Bagamoyo, na Umoja wa Ulaya ukaipa Kenya ruzuku ya euro milioni 30. Awamu ya kwanza ina kilomita 175: kilomita 121 kati ya Tanga, Pangani na Mkange, na kilomita 54 kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi. Katika hati za Jumuiya ya Afrika Mashariki mradi huu ni wa kanda nzima, na hoja zake ni zile zile ambazo manahodha wangezitambua: watu wa Tanga na wa Malindi wana cha kuuziana, na njia ya kati yao isilazimike kupitia Nairobi au Chalinze.

Mtwapa ndiyo iliyohisi mradi huo kwanza. Mji huo umekua kwa kasi kuliko lami yake, na kwa muda mrefu foleni yake imekuwa kero ya kila anayetoka Malindi. Mizani ya malori iko hapo hapo, kwa hiyo lori la chumvi kutoka Gongoni, la mawe kutoka machimbo ya Kilifi na matatu ya wanafunzi hukutana mahali pamoja. Ili kupata nafasi ya njia mbili kila upande, vibanda na maduka yaliyokuwa kwenye hifadhi ya barabara yalivunjwa. Wenye vibanda hivyo wengi ni kina mama wa vyakula na vijana wa kuuza nguo, waliokuwa pale kwa sababu magari yanasimama pale. Barabara inayojengwa kwa mamilioni ya euro ingeweza kuwatengea soko kabla ya kuwaondoa, na wahandisi wanaoendelea kuelekea kaskazini wanayo nafasi ya kufanya hivyo.

Lamu nayo imebadilisha hesabu. Tarehe 2 Machi 2012 Mwai Kibaki wa Kenya, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini waliweka jiwe la msingi la LAPSSET, ushoroba wa usafiri wa kuunganisha Lamu na nchi zao, na tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari ya Lamu likafunguliwa. Kigezo kile cha zamani, barabara kuishia kwenye bandari ya kimataifa, sasa kinaihusu pwani ya kaskazini pia. Reli mpya ya Nairobi na Mombasa iliyofunguliwa Mei 2017 imeongeza mzigo mwingine: abiria wanaoshuka Miritini kutoka Nairobi huingia moja kwa moja kwenye matatu za Malindi, na mwezi Desemba hakuna kiti kinachobaki.

Kinachongojewa sasa ni kilomita 60 kati ya Kilifi na Malindi. Hapo A7 bado ni lami ya gari moja kwenda na moja kurudi, ikipita Tezo, Matsangoni, Mida na Gede. Upande wake wa bara ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba takriban 420, msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, maskani ya ndovu na ya bundi mdogo wa Sokoke. Upande wa bahari, si mbali na lami, ni magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kupanua barabara kuelekea msituni ni kukata miti isiyopandwa tena. Kupanua kuelekea baharini ni kuingia kwenye mashamba na nyumba za watu. Wengi wa watu hao hawana hatimiliki, kwa sababu ardhi ya Kilifi iliandikwa kwa majina ya wengine tangu enzi za mkoloni. Fidia ya barabara hulipwa kwa aliye na karatasi. Mwenye mnazi aliopanda babu yake lakini asiye na karatasi hulipwa miti yake na nyumba yake akibahatika, na ardhi hailipwi kwake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kilomita hizo 60 ni ya maafisa wa ardhi, waanze kuandikisha wenye mashamba sasa, kabla wapimaji hawajafika Tezo na vigingi vyao.